Nyumba Iliyolambwa na Mbuzi

Mbuzi wa Mama Yoeli walikuwa wanalamba nyumba.

Walijipanga ubavu kwa ubavu nyuma ya tembe, wamefumba macho kama watoto wanaonyonya, na ndimi zao zilipanda na kushuka kwenye ukuta wa udongo. Leokadia Kihwele alisimama kando ya boma akiwa na jogoo kwapani, akawatazama. Mwanzoni alitabasamu, maana alikuwa mtu mwenye haya, na watu wenye haya hutabasamu vizuri wasipotazamwa. Kisha tabasamu likamfia mdomoni.

Mbuzi kulamba ukuta wenye magadi si jambo la ajabu pale Chilanje. Lakini ukuta huu ulikuwa unang'aa. Pale fito za paa zinapokutana na udongo, ulikuwa ukishuka utomvu mwembamba wenye rangi ya chai isiyo na maziwa, na nyuki wachache walikuwa wameshapata habari.

"Kamwene, Muhehe," sauti ikasema kutoka mlangoni. "Subiri kwanza nimfunge mbwa wangu usije ukamla, ndipo ukaribie."

"Mbukwa, mama," Leokadia alijibu taratibu, akirudisha salamu ya Kihehe kwa ile ya Kigogo.

Mama Yoeli alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mjane mnene mwenye kicheko kilichofika kila mahali kabla yake. Akamwangalia jogoo kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu ndiye wa kukombolea chupa yangu? Mbona amekonda hivyo? Mlikuwa mnafunga naye Kwaresma?"

Chupa hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Nyumba ya Kuvu, mahali Leokadia alipofanya kazi, na Mama Yoeli aliichukua wiki iliyopita mbele ya macho yake. Alifika kuchukua mgao wake wa maji ya kuvu, akakumbuka kwamba Leokadia hakuhudhuria harusi ya binti yake, akasema, "Nakutoza faini," akanyakua chupa iliyokuwa dirishani na kwenda zake akiimba. Wagogo na Wahehe ni watani, na mtani akichukua kitu hanyang'anywi. Unamfuata baadaye na zawadi, mnatukanana kwa raha, unakomboa chako. Mtu mwingine angemrushia maneno palepale, lakini Leokadia alicheka tu na kutazama viatu vyake. Siku zote majibu yalimjia akiwa ameshalala.

"Mama Yoeli, ile chupa iko wapi?"

"Ipo. Tupu. Nilimwagia mabua ya mbuzi." Akaonyesha rundo la mabua ya uwele lililoegemea ukuta wa nyuma. "Na leo nikusifu, ingawa wewe ni Muhehe. Maji yenu hayajawahi kuwa makali hivi. Mabua yamelainika kama uji. Umeongeza nini?"

Leokadia alichutama na kufunua bua la juu. Chini yake hapakuwa na mabua tena. Palikuwa na kitu cheupe na laini kama pamba iliyochambuliwa, na kutoka hapo nyuzi nyembamba zilikuwa zimeshapanda ukutani, zikaingia kwenye fito, zikapotelea ndani ya paa.

Maji ya kuvu hayaoti. Yamechujwa, hayana uhai; unayamwagia mabua, yanalainika kidogo, yanakuwa matamu, basi. Kinachoota ni kuvu mwenyewe. Leokadia alikumbuka ile asubuhi: alikuwa anasafisha birika, akakata kipande cha mama, yaani yule kuvu mkubwa anayetoa maji hayo, na kukiweka ndani ya chupa kipumzike, akaiweka dirishani pamoja na zile za mgao, kwa sababu alikuwa na haraka na dirisha lilikuwa karibu.

Jogoo akamponyoka.

"Mama, usiguse ukuta. Na mbuzi wafunge mbali."

"Watakufa?"

"Hawafi. Watanenepa."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Leokadia aliinua macho. Paa la tembe lile lilikuwa bapa, la udongo mzito uliolala juu ya nyasi, nyasi juu ya fito, fito juu ya boriti. Lilikuwa tembe la mwisho la namna hiyo katika kijiji chote.

"Nakuja," alisema, akakimbia, jambo ambalo hakuna mtu wa Chilanje aliyewahi kumwona akilifanya.

*

Nyumba ya Kuvu haikuwa na hata kijiti kimoja ndani yake. Meza zilikuwa za chuma, milango ya chuma, na hata ufagio ulikuwa wa waya. Katikati, ndani ya birika la saruji, alilala mama: mweupe, mnene kama godoro, mwenye joto kidogo ukimwekea kiganja. Harufu yake ilikuwa ya mkate unaokaribia kuiva. Leokadia alizoea kumsalimia kila asubuhi akiwa na hakika kwamba hakuna mtu karibu.

Watoto wa shule walipoletwa kumwona, aliwaeleza kwa namna moja tu, kwa sababu aliona inatosha. "Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo vinavyoitwa seli," aliwaambia, "na kila seli ina ukuta. Ukuta huo ni kama tembe. Selulosi ndiyo nguzo. Lignini ndiyo udongo. Katikati zipo fito zinazoshikilia vyote pamoja, nazo ni hemiselulosi. Ukiacha ule udongo, vilivyobaki vyote ni sukari, ila ni sukari zilizoshikana mikono zikakataa kuachiana. Ndiyo maana ukila bua hushibi: sukari imo, ila tumbo lako halina mkono wa kuziachanisha. Kuvu anao. Anatoa vimeng'enya, na kila kimoja kina kazi yake, kama akina mama kwenye uwanja wa kupuria. Kimoja kinapogoa matawi ya pembeni. Kingine kinakata mnyororo vipande. Cha mwisho kinaokota vile vipande na kuvigawa mpaka inabaki sukari mojamoja." Hapo aliwapa kila mtoto kijiko cha asali ya mabua, na hakuna aliyesahau somo.

Uwele ulipoanza kushindwa kutoa nafaka, mabua yaliendelea kuota. Kwa hiyo watu wakajifunza kula mabua. Vijiji vinne vilipeleka mabua yao kwa mama na kurudi na ndoo za asali yake. Wakaipikia uji, wakakandia maandazi, wakaikausha kuwa vipande vya kuweka akiba ya kiangazi. Kulikuwa na watoto Chilanje waliodhani uji umekuwa hivyo tangu dunia iumbwe.

Ubaya wa mama ulikuwa mmoja. Hakujua tofauti ya bua la shambani na ufito wa paani. Kwake chochote cha mmea uliokauka kilikuwa chakula, na nusu ya nyumba za kijiji zilijengwa kwa mbao za mabua yaliyoshindiliwa. Ndiyo maana sheria ilikuwa fupi: maji hutoka, mama hatoki.

Leokadia aliwasha kioo cha mawasiliano, akampata Bwana Rwechungura, mkuu wake wa kazi, akiwa na kikombe cha chai. Alimweleza yote bila kujipunguzia. Bwana Rwechungura alisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Vunja chupa," alisema.

Hii ilikuwa chupa nyingine. Ilining'inia ukutani nyuma ya Leokadia, ndogo kama ya dawa ya macho, na ndani yake ilikuwa harufu ya kukoma. Kuvu huyu alifugwa ili akiisikia harufu ile afe, na uzi unaokufa huitoa harufu hiyohiyo hewani, ukaupa wa jirani, nao ukaupa wa jirani yake, hata kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ilitosha kuivunja mara moja, popote pale.

"Mama naye atakufa," alisema Leokadia.

"Harufu haichagui. Mama na huyo aliyetoka ni mwili mmoja."

"Mwingine atakuja lini?"

"Tutakuletea kuvu mchanga. Lakini huyo wako amejifunza uwele wa huko miaka tisa. Mpya ataanza darasa la kwanza. Tuseme masika mawili, labda matatu."

"Na watu?"

"Watu wataletewa chakula. Watapanga foleni." Bwana Rwechungura alipangusa miwani yake. Hakuwa mtu mkali. "Leokadia, usiitishe mkutano. Usiombe ruhusa ya mtu. Sheria imekupa wewe hiyo chupa ili usilazimike kumuuliza yeyote. Huyo kuvu, kwa mwendo unaonieleza, kesho jioni atakuwa kwenye boma la miiba. Nyuma ya boma kuna jirani mwenye nyumba ya mbao za mabua, na nyuma ya jirani ni kijiji kizima."

"Tukiibomoa ile nyumba je? Tukatoa boriti zote, fito zote, nyasi zote, tukamletea mama humu ndani?"

Bwana Rwechungura alifikiri.

"Kwa hesabu za kitabu inawezekana. Pale chini akikosa chakula atanyauka. Msitie moto tu. Akihisi moto hutoa mbegu, na hapo tumekwisha. Wala msibakize hata kijiti. Lakini nyumba ni ya mtu. Utamuuliza, atakataa, mtabishana, jioni itafika. Chupa haibishani."

Leokadia aliitungua ile chupa, akaishika mkononi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Akamtazama mama, aliyekuwa anakula mabua ya asubuhi kwa sauti ndogo ya mapovu, bila habari. Akatia chupa mfukoni mwa aproni na kutoka.

*

Alimkuta Mama Yoeli ameketi kwenye kigoda chake, mbuzi wamefungwa mbali wakilalamika. Alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alimweleza kwamba kosa lilikuwa lake yeye, la kuweka chupa mahali pasipostahili. Akamweleza njia mbili zilizopo.

"Kwa hiyo nilimteka mama yenu nikadhani ni maji," alisema Mama Yoeli. "Basi mimi ni mwizi mkubwa kuliko nilivyojijua."

Akacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Aligeuka akaitazama nyumba.

"Hii alijenga Baba Yoeli. Udongo wa paani nilikanyaga mimi, na mimba ya Yoeli tumboni, na mama mkwe wangu akinifokea kwamba nakanyaga kama ninayecheza ngoma." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nyumba yangu, hapana."

"Sawa, mama," alisema Leokadia. Alitoa ile chupa mfukoni. Hakuwa anatisha wala anabembeleza; alikuwa amekwishakata shauri njiani kwamba mwenye nyumba akikataa, imekwisha. "Basi nitavunja. Ni haki yako kukataa."

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona ndogo hivyo?" Mama Yoeli aliikodolea macho. "Na mama atakufa. Yule ninayempelekea mabua."

"Ndiyo."

"Mjukuu wangu hajawahi kula uji mwingine."

"Wataleta chakula."

"Akina nani?"

"Makao makuu."

"Aa," alisema Mama Yoeli. "Foleni."

Alikaa akichora chini kwa kidole cha mguu. Mbuzi mmoja alipiga chafya. Alipoongea tena, kwa mara ya kwanza hakumwita Muhehe.

"Leokadia, nisikilize. Mimi siwezi kuitoa hii nyumba hata ningetaka. Si yangu ya kutoa, ni ya ukoo wa Baba Yoeli. Nikimpigia shemeji yangu Mazoya huko mjini, atataka kikao. Kikao kitataka mbuzi. Mbuzi ataliwa, watashiba, watalala, wakiamka hawatakumbuka tulikuwa tunajadili nini. Wakati huo huyu wako ameshamaliza kijiji. Lakini kitu kilichochukuliwa na mtani, ukoo hauna neno nacho. Hata Mazoya hawezi kufungua mdomo. Umenielewa?"

Leokadia alimwelewa.

"Nikuulize kwanza, mama. Wewe mwenyewe, moyoni, unataka?"

"Usiniulize hilo. Ukiniuliza nitakwambia hapana, na nitakuwa nasema kweli. Mtani haulizi."

Hapo ndipo Leokadia alipokwama. Alikuwa tayari kuvunja chupa kama angeambiwa hapana. Alikuwa tayari kubomoa kama angeambiwa ndiyo. Hakuwa tayari kuchukua nyumba ya mtu mzima bila neno lolote, wakati nusu saa tu iliyopita Bwana Rwechungura naye alikuwa amemkataza kuuliza. Alihisi kwamba makatazo hayo mawili hayafanani, lakini hakujua aeleze vipi, hata kwake mwenyewe. Je, kama huyu mama anasema hivi kwa sababu ya aibu? Je, kama kesho atalia?

Mama Yoeli hakumngoja amalize kufikiri. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sufuria mbili. Akaziweka kivulini mbali na ukuta. Akarudi ndani, akatoka na chungu, mwiko, na picha ya Baba Yoeli iliyofunikwa kioo. Aliifuta picha vumbi kwa kiwiko na kuiegemeza kwenye sufuria ili itazame upande wa barabara, isitazame nyumba. Kisha akajifunga kitenge upya, akakaza fundo kama mtu anayekwenda shamba.

Leokadia aliitazama ile picha. Akarudisha chupa mfukoni.

"Wagogo," alisema.

"Paza sauti, Muhehe. Hata kuku hajakusikia."

"Wagogo!" Sauti ilimtoka nyembamba, ikapasuka katikati, lakini ilivuka boma. Jirani mmoja alichungulia. Wa pili akatoka na kijiko cha mboga mkononi. Uso wa Leokadia ulikuwa unawaka, na maneno, kwa mara ya kwanza maishani, yalimjia kabla hajalala. "Tulizoea kusikia kwamba Wagogo mnaomba. Siku hizi hamwombi, mnabeba chupa za watu madirishani. Basi na sisi Wahehe leo tunabeba. Nyumba hii nimeichukua. Paa lake nimelichukua, boriti zake, fito zake, na nyasi zake mpaka unyasi wa mwisho. Mwenye neno aseme."

Kisha mwenye kijiko cha mboga akaanza kucheka, na Mama Yoeli akajishika kichwa na kupaza kilio kikubwa cha uongo.

"Majirani, njooni mwone. Mbwa wamemwishia, sasa anakula nyumba."

*

Kwa kuwa nyumba ilikuwa imechukuliwa na Wahehe, ilibidi Wahehe ndio waanze kubomoa, na Chilanje walikuwepo wanne tu. Alikuja Mwalimu Kihongosi akiwa bado na chaki sikioni. Alikuja Bi Remijia wa mashine ya kusaga, pamoja na mume wake, mtu mkimya aliyeweza kubeba magunia mawili kwa mkupuo. Leokadia aliwaeleza kwa maneno machache hatari iliyopo, akaeleza hivyohivyo kwa Wagogo waliozunguka, na hakuficha ya kwake. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama kuna uwezekano wa kushindwa. Leokadia akamwonyesha chupa mfukoni, akasema wakishindwa ataivunja, na hapo mama ndiye atakayekufa. Mwenyekiti akavua koti, akalitundika kwenye mnyaa.

Walianza kwa kukwangua ardhi. Kuizunguka nyumba walifyeka mviringo mpana wa udongo mtupu, wakaondoa mabua, majani, kinyesi cha mbuzi, miiba ya boma, kila kitu kilichowahi kuwa mmea. Kisha Mwalimu Kihongosi akapanda juu na kuanza kuporomosha udongo wa paa.

"Taratibu, Mwalimu," mtu alimwambia kutoka chini. "Hilo ni paa la Kigogo, si ubao wa kufuta."

"Ndiyo maana nalifuta. Limejaa makosa."

"Muhehe akipanda juu ya nyumba, ujue pombe yake ya ulanzi imekwisha bondeni."

"Na Mgogo akishika koleo," alijibu Bi Remijia bila kugeuka, "ujue kuna mlenda umempotea chini."

Wagogo walisaidia huku wanatukana, Wahehe walitukana huku wanasaidia. Fito zilishushwa moja moja, zikalazwa juu ya mabati, zikafungwa kwa mabati mengine juu, zikabebwa mpaka Nyumba ya Kuvu bila kugusa ardhi. Nyingine zilikuwa bado ngumu. Nyingine ukizishika zilibonyea kama andazi lililoloweshwa chai, na mume wa Bi Remijia alionekana akilamba kidole kwa siri, akifikiri haonekani. Leokadia alitembea nyuma ya kila mzigo na ufagio wa waya. Alikuwa amesahau kuona haya. Alimfokea mwenyekiti kwa kudondosha unyasi, na mwenyekiti aliomba radhi na kuuokota.

Katikati ya kazi simu ya Mama Yoeli ililia. Aliiweka sauti ya juu ili kila mtu afaidi.

"Shemeji," alisema Mazoya, "nasikia nyumba ya kaka inabomolewa."

"Haibomolewi. Imechukuliwa."

"Na nani?"

"Na Wahehe."

"Wahehe," alirudia Mazoya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuja na maneno mengi akakuta mlango umefungwa. "Hata mlango?"

"Mlango ulitangulia."

"Ulikuwa wa mninga ule."

"Mama amesema mninga ni mtamu."

Boriti ya mwisho ilikuwa ile ya katikati, nene na nyeusi. Watu walipoishika, Mama Yoeli aliwaambia wasubiri. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Hakuna aliyetania. Kisha akajiingiza chini ya ncha ya mbele, akaiweka begani, na hakuruhusu mtu kumpokea mpaka birikani.

Kesho yake jioni Leokadia alitembea juu ya kile kiwanja kitupu akiwa amepiga magoti, kioo cha kukuzia jichoni, akapita kila mahali palipokuwa na ukuta, jikoni, chumbani, zizini. Alikuta nyuzi, lakini zilikuwa za kijivu, zimejikunja kama nywele zilizoungua, na zilipukutika alipozipuliza. Alizunguka mara ya pili. Watu walisimama nje ya mviringo wakimtazama, na Mama Yoeli alisimama mbele yao, amefumbata mikono.

"Amenyauka," alisema Leokadia. "Hapa hayupo tena."

Hawakushangilia. Walipumua tu, wote kwa pamoja, na mwenyekiti akaenda kutafuta koti lake.

Bwana Rwechungura, alipopewa habari, alisukuma kikombe cha chai pembeni.

"Sheria haina kifungu cha watani, Leokadia."

"Najua."

"Nitakuja mwenyewe kukagua, na nitaandika kila nilichokiona. Na wewe utaitwa kujieleza."

"Nitajieleza. Karibu sana," alisema Leokadia, na alishangaa kuona kwamba haogopi kama alivyodhani. "Utamkuta mama anakula."

*

Kuvu hachelewi na fito, ila boriti za zamani humtia kazi. Mama alizila polepole, na kwa siku kadhaa Nyumba ya Kuvu ilinukia tofauti, harufu nzito iliyofanya wapita njia wasimame na kunusa bila kujua wananusa nini. Wakati huo Mama Yoeli alikuwa amehamia kwenye chumba kimoja cha Leokadia, pamoja na sufuria zake, picha yake, na maoni yake kuhusu jinsi Wahehe wanavyotandika kitanda. Kijiji kilikuwa kinamfyatulia matofali. Mwalimu Kihongosi aliongoza kikosi cha matofali, na alitukanwa kutwa.

Asali ilipoanza kushuka kwenye mfereji, ilikuwa nyeusi. Watu walifika na ndoo zao, lakini hakuna aliyezisogeza. Walijipanga nje wakimngoja mwenye nyumba aonje kwanza, na wala hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Leokadia alikinga bakuli, akampa kwa mikono miwili.

Mama Yoeli alionja kwa ncha ya kijiko. Akatulia. Akajaza kijiko, akakitia kinywani, akafumba macho, na uso wake ukafanya kitu ambacho Leokadia hakuwahi kukiona ukifanya.

"Chungu?" aliuliza Leokadia kwa wasiwasi. "Ni lignini, mara nyingine inabaki kidogo, naweza kuchuja tena."

"Nyamaza wewe. Ni moshi."

Alimpa kijiko. Leokadia akaonja. Utamu ulitangulia, kisha nyuma yake ukaja moshi, mwingi, wa miaka yote aliyopika mtu mmoja chini ya paa moja: moshi wa kuni za mkambala, wa mtama uliokaangwa, wa mafuta yaliyomwagika motoni. Ulikuwa umepanda kila siku na kuingia kwenye fito, ukakaa humo, na hakuna kimeng'enya kilichojua la kuufanya.

"Hapa niliunguza maharage," alisema Mama Yoeli, macho bado yamefumbwa. "Yoeli alikuwa anaota meno. Na hapa ni ile mvua kubwa, kuni mbichi, Baba Yoeli anapuliza moto anakohoa, anasema nimeoa mwanamke au nimeoa moshi." Alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kumsumbua. Nje, foleni yote ilikuwa ikisikiliza.

Alifuta bakuli kwa kidole mpaka likang'aa, akalirudisha.

"Ongeza, mtani," alisema. "Bado niko jikoni. Sijafika chumbani."